Neno Lisilo na Tarehe: Istilahi za Siasa Mbele ya Mtafiti Maktabani

Utangulizi

Hivi karibuni niliombwa kuisoma rasimu ya utafiti ya mtumishi mmoja wa serikali aishiye Mbagala, katika Wilaya ya Temeke, ambaye alikuwa akisomea shahada ya pili ya sayansi ya siasa. Kazi yake ilihusu mipango ya vijiji katika enzi ya TANU, nayo ilikuwa imeandikwa kwa bidii. Jumamosi nyingi alikuwa amepanda basi moja baada ya jingine kutoka Mbagala hadi Mlimani ili asome katika maktaba ya Chuo Kikuu, na jioni akarudi vivyo hivyo. Lakini katika sura ya pili palikuwa na sentensi moja iliyonishtua. Aliandika kwamba chama kilichotawala mwaka 1967 hakikuwa na sera iliyoandikwa, kwa kuwa katika nyaraka zake za miaka ile neno "sera" halionekani.

Nilipomwuliza alikopata habari hiyo, alijibu kwamba alilitafuta neno hilo katika katalogi ya maktaba na katika kurasa za hati zenyewe, wala hakulipata. Katika hilo alisema kweli, ila hitimisho lake lilikuwa kosa. Hati mashuhuri kuliko zote za mwaka ule, iliyopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mjini Arusha mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari, jina lake kamili ni "Azimio la Arusha na Siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea". Kile alichokitafuta kwa jina la sera kilikuwa juu ya jalada, kimeandikwa kwa jina la siasa.

Ni rahisi kumlaumu mtafiti huyu kwamba hakusoma vya kutosha. Makala haya hayakusudii kumlaumu. Yanakusudia kuonyesha kwamba alipotezwa na orodha zetu wenyewe za istilahi, ambazo humpa msomaji neno la Kiingereza upande mmoja na neno la Kiswahili upande wa pili, bila kumwambia neno hilo la Kiswahili lilianza lini kubeba maana hiyo, lilibebwa na neno gani kabla yake, wala linatumika wapi. Kwa mwandishi wa barua ya serikali orodha ya namna hiyo yatosha. Kwa mtu aingiaye maktabani kuchunguza mambo ya siasa, haitoshi hata kidogo, na wakati mwingine humdanganya.

Siasa na sera

Tuanze na maneno hayo mawili. "Siasa" ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu. Kamusi za zamani za Kiswahili hulipa pia maana ya upole, uangalifu na utaratibu. Wazee wa pwani huweza kusema kwamba jambo limefanywa kwa siasa, yaani kwa hekima na bila pupa. Katika miaka ya 1960 na 1970 neno hilohilo lilibeba mizigo miwili zaidi: shughuli za kugombea na kushika madaraka, na mwelekeo uliokubaliwa na chama au serikali juu ya jambo fulani. Azimio la Arusha hulitumia kwa maana hii ya pili. Vivyo hivyo tamko la TANU la Iringa la mwaka 1972 liliitwa "Siasa ni Kilimo". Mfasiri wa leo asiyejua historia ya neno hili ataona ajabu kwamba kugombea madaraka kumefananishwa na kulima. Lakini msikilizaji wa mwaka 1972 alizisikia maana zote mbili kwa pamoja, na nguvu ya tamko ilikuwa hapo.

Baadaye mzigo mmoja ulishushwa na kupewa neno "sera". Serikali ilipotoa Sera ya Utamaduni mwaka 1997, hakuna aliyefikiri kuiita siasa ya utamaduni. Mgawanyo huo ni mzuri, nami siupingi. Umeifanya lugha yetu iwe na uwezo wa kusema kwamba sera hii ni nzuri ila imeharibiwa na siasa, maneno ambayo yangekuwa magumu kuyasema mwaka 1967. Walakini, orodha ya istilahi inayomwambia msomaji kwamba neno fulani la Kiingereza ni "sera", bila kuongeza kwamba katika hati za enzi ya Azimio dhana hiyo aghalabu huitwa "siasa", imemnyima ufunguo wa miaka mingi ya historia yetu.

Mambo kama haya yapo pia katika neno la kazi yenyewe ya mtafiti. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipewa jina hilo mwaka 1970, wakati ambapo "uchunguzi" lilikuwa neno la kawaida la kazi ya kitaaluma. Hata hivyo, miaka miwili kabla yake sheria ilikuwa imeunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, lililojulikana kwa kifupi kama UTAFITI, ambalo nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Maneno mawili yalikuwa hai kwa wakati mmoja katika jiji moja. Leo "utafiti" limeshinda, na "uchunguzi" humkumbusha mtu polisi au maabara ya hospitali. Mwanafunzi atafutaye kazi za kitaaluma za miaka ya 1970 kwa neno "utafiti" peke yake atazikosa nyingi.

Serikali ya mtaa na serikali za mitaa

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kale. Basi na tuchukue neno ambalo watumishi wa Kinondoni na Temeke hulitumia kila siku.

"Serikali za mitaa", kwa wingi, ni jina la mfumo mzima wa mamlaka zilizo chini ya Serikali Kuu: halmashauri za wilaya, za miji, za manispaa na za majiji, pamoja na ngazi zilizo chini yake. "Serikali ya mtaa", kwa umoja, ni jambo jingine. Ni ofisi ya mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake, pale ambapo mkazi wa Tandale au wa Tandika huenda kuomba barua ya utambulisho. Tofauti ya herufi chache tu imebeba tofauti kati ya manispaa yenye wakazi mamia kwa maelfu na ofisi yenye meza moja na muhuri.

Matatizo huzidi tunapofika kwenye uchaguzi. Ule uitwao Uchaguzi wa Serikali za Mitaa, kama ulivyofanyika mwaka 2014, 2019 na 2024, huchagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa. Madiwani, ambao ndio wajumbe wa halmashauri, hawachaguliwi siku hiyo. Wao huchaguliwa katika uchaguzi mkuu pamoja na Rais na wabunge, kama ilivyokuwa mwaka 2015, 2020 na 2025. Katika vitabu vya nchi nyingine, maneno ya Kiingereza ambayo sisi huyafasiri kwa jina hilohilo humaanisha, kwa kawaida, uchaguzi wa madiwani. Kwa hiyo mtafiti akichukua kitabu kuhusu uchaguzi wa serikali za mitaa nchini Uingereza na kukilinganisha na matokeo ya Temeke ya mwaka 2019, atakuwa amelinganisha vitu viwili visivyolingana, huku maneno yakimhakikishia kwamba ni kitu kimoja.

Katika orodha zetu jambo hili halionekani, kwa sababu neno la Kiingereza ni moja na la Kiswahili ni moja, na mstari umenyooka. Katika katalogi ya maktaba halionekani pia, kwa sababu kichwa cha mada ni kimoja, tena cha Kiingereza, nacho hukusanya halmashauri na mtaa ndani ya kapu moja. Anayeijua tofauti ni karani wa kata, ambaye hakuna aliyemwuliza.

Kwa wafasiri wa sheria jambo hili si la kitaaluma tu. Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zinahitaji kufasiriwa. Miongoni mwa sheria za namna hiyo ni zile mbili za mwaka 1982 zihusuzo mamlaka za wilaya na mamlaka za miji. Mfasiri akiteleza kati ya umoja na wingi, mkazi wa Mbagala aweza kupelekwa na sheria kwenye ofisi isiyo na madaraka ya kumsaidia.

Hata majina ya mahali yataka tarehe. Chuo Kikuu cha Mlimani kilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa katika Wilaya ya Kinondoni. Kimekuwa cha Ubungo tangu wilaya hiyo ilipomegwa kutoka Kinondoni katikati ya miaka ya 2010, wakati ambapo Kigamboni nayo ilimegwa kutoka Temeke. Kadhalika, jina "Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam" hadi mapema mwaka 2021 lilikuwa la chombo kilichokuwa juu ya manispaa zote za jiji. Tangu Februari mwaka huo chombo hicho kilipovunjwa, jina limekuwa la iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Takwimu za "Kinondoni" za mwaka 2002 na za mwaka 2022 zina jina moja, lakini ardhi iliyohesabiwa si ileile.

Madaraka mikoani, ugatuaji na jimbo

Mwaka 1972 serikali ilitangaza mpango wa kupeleka mamlaka ya kupanga na kutumia fedha katika mikoa na wilaya. Mpango huo uliitwa "Madaraka Mikoani". Ndio mpango uliofuatana na kuondolewa kwa halmashauri za wilaya zilizokuwa zikichaguliwa, ambazo zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza tena kazi mwaka 1984. Leo dhana ya kushusha madaraka huitwa "ugatuaji". Nchini Kenya, tangu Katiba ya mwaka 2010, dhana iliyo karibu nayo huitwa "ugatuzi", na mamlaka zilizopewa madaraka huitwa "kaunti". Wakenya waliokuwa wakibishana juu ya jambo linalofanana na hilo mwaka 1963 walisema "majimbo".

Tazama sasa taabu ya mtafiti atakaye kulinganisha nchi hizi mbili. Akiandika "ugatuaji" atapata mambo ya Tanzania ya miaka ya karibuni. Akiandika "ugatuzi" atapata Kenya baada ya mwaka 2010. Akiandika "majimbo" atapata Kenya ya mwaka 1963, lakini pia atapata orodha za majimbo ya uchaguzi ya Tanzania, maana kwetu jimbo leo ni eneo la mbunge. Na akisoma magazeti ya kabla ya Uhuru, kama Mambo Leo lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, au Kwetu lililoanzishwa na Erica Fiah mjini Dar es Salaam mwaka 1937, atakuta jimbo lenye maana ya tatu: lile eneo kubwa la utawala ambalo baada ya Uhuru nafasi yake ilichukuliwa na mkoa. Neno moja lina maana tatu, na dhana moja ina majina manne. Hakuna ajabu hapo. Ndivyo lugha hai zilivyo. La ajabu ni kwamba vitabu vyetu vya istilahi havisemi neno lolote juu ya hayo.

Safari ya kwenda Kiingereza na kurudi

Lipo kosa jingine ambalo laweza kuitwa la safari ya kwenda na kurudi. Sehemu kubwa ya uchunguzi wa siasa za Tanzania umefanywa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza. Mtafiti huenda Temeke, akauliza kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiswahili, kisha akarudi Mlimani na kuandika kwa Kiingereza. Baadaye hutokea mtu akaombwa kuifasiri kazi hiyo kwa Kiswahili, naye, badala ya kurudi kwenye maneno ya awali, hufungua orodha ya istilahi.

Mfano mzuri ni mfumo wa nyumba kumi kumi ulioanzishwa na TANU katika miaka ya mwanzo ya 1960. Mwaka 1971 Tanzania Publishing House ilichapisha kitabu cha Kiingereza kilichohaririwa na J. H. Proctor juu ya mfumo huo. Neno lililotumika kwa kundi la nyumba kumi ni lile la Kiingereza ambalo pia humaanisha chumba cha mahabusu na sehemu ndogo kabisa ya kiumbe hai. Mpe leo mfasiri kijana ukurasa mmoja wa kitabu cha namna hiyo, na yamkini ataandika "seli za chama" au "viini vya chama". Lugha imekwenda ikiwa na nyumba, balozi na mjumbe, imerudi ikiwa na seli. Katika utaratibu wa chama, ngazi hiyo huitwa shina, na iliyo juu yake huitwa tawi. Watu wa kawaida husema tu "nenda kwa mjumbe". Mfano wa mti, ambao una falsafa yake juu ya mahali nguvu ya chama inapoanzia, umepotea njiani.

Hali kadhalika kuna maneno "chama kushika hatamu". Hatamu ni kamba za kumwongozea farasi au ngamia. Maneno hayo yalieleza nafasi ya chama juu ya vyombo vingine vyote vya nchi, nafasi iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1975. Mwanafunzi aliyeyasoma mambo haya kwa Kiingereza huyarudisha kwa maneno kama "ukuu wa chama", kisha akashangaa kutoyaona katika Majadiliano ya Bunge wala katika gazeti la Uhuru. Yamo tele, ila yamevaa nguo nyingine.

Dawa ya kosa hili imo ndani ya maktaba ileile. Tasnifu nyingi za siasa zilizohifadhiwa Mlimani, pamoja na kuandikwa kwa Kiingereza, zina viambatisho mwishoni, na ndani ya viambatisho hivyo mna maswali ya dodoso kama yalivyoulizwa kwa Kiswahili. Kurasa hizo hazisomwi na mtu. Lakini kwa mtunga istilahi ni hazina, maana zinaonyesha maneno yaliyojaribiwa mbele ya mama muuza samaki wa Temeke na fundi seremala wa Kinondoni, nao wakaelewa na kujibu. Kamati ikikaa siku tatu kutafuta neno, huku neno lililokwisha kueleweka limelala rafuni, kamati hiyo imepoteza siku tatu.

Saraka za kadi na mashine

Maktaba yenyewe nayo ina sehemu yake katika tatizo hili. Mipango miwili ya kupanga vitabu inayotumika sana duniani ilitengenezwa Marekani. Katika mpango wa desimali wa Melvil Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, sayansi ya siasa iko kwenye 320, vyama na uchaguzi kwenye 324, ujamaa kwenye 335. Katika mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani, siasa ina herufi J, ujamaa HX, na mambo ya ardhi HD. Kwa nchi ambayo chama, ujamaa na ardhi ya kijiji vilikuwa jambo moja, mpango huu hutawanya katika vyumba vitatu kile ambacho watu walikiona kuwa kitu kimoja. Hilo haliwezi kurekebishwa kwa kuhamisha rafu. Laweza kurekebishwa kwa vichwa vya mada, yaani kwa maneno yanayomwelekeza msomaji kutoka chumba kimoja hadi kingine. Na vichwa hivyo, hata kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili fasaha, kwa kawaida ni vya Kiingereza.

Zamani madhara yalikuwa madogo. Msomaji alivuta saraka ya kadi, akapekua, na kadi za jirani zikamfunza jambo ambalo hakuliuliza. Mkutubi alikuwa karibu, na kama ni mtu wa makamo alijua kwamba "siasa" ya kale ni "sera" ya leo. Siku hizi msomaji huandika neno katika kompyuta. Mashine haina jirani wala haina umri. Hutoa lile lililoandikwa vilevile, na kama halipo husema hakuna. Mtafiti wa Mbagala alipoambiwa hakuna, aliamini kwamba hapakuwa na kitu.

Hatuna uhaba wa mahali pa kusomea. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, ilitangazwa kuwa na nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Mjini ipo Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa Desemba 1967. Ng'ambo ya kivuko, Kigamboni, katika eneo lililokuwa la Temeke, kipo Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kilichorithi mahali pa Chuo cha Kivukoni kilichoanzishwa na TANU mwaka 1961 kwa ajili ya kufundisha viongozi. Majengo yapo na karatasi zipo. Kinachopungua ni maneno ya kuzifikia.

Pingamizi na jibu lake

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba kazi ya baraza la lugha ni kusanifu, na kusanifu ni kuchagua neno moja na kuyaacha mengine. Orodha ikianza kutaja maneno ya zamani, ya Kenya na ya mitaani, mwalimu wa sekondari ya Temeke atauliza: basi nimfundishe mtoto lipi?

Pingamizi hili lina uzito, nami nalikubali kwa upande mmoja. Mwalimu apewe neno moja. Mwandishi wa barua, wa sheria na wa kitabu cha kiada naye apewe neno moja. Lakini kuandika na kutafuta ni kazi mbili. Kuandika kwataka neno moja; kutafuta kwataka maneno yote. Mtu anayeandika huchagua maneno yake mwenyewe. Mtu anayesoma hati ya mwaka 1967 hana uchaguzi huo. Maneno yalikwisha kuchaguliwa na watu waliomtangulia. Orodha zetu, tangu zile za Tafsiri Sanifu zilizotolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa, zilitungwa kwa ajili ya mwandishi. Kwa wakati ule ilikuwa sawa, maana tulikuwa tunajenga, na aliyehitaji msaada zaidi ni yule aliyekuwa akiandika. Sasa tumekwisha kujenga muda mrefu kiasi cha kuwa na magofu yetu wenyewe, na ni lazima awepo mtu wa kuyaongoza macho ya wageni wanaoyatembelea. Wageni hao ni watoto wetu.

Tena jambo hili si geni kwetu. Neno "kung'atuka" kila mtu mzima anajua lilikotoka: ni la Kizanaki, na lilienea kwa Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985. "Ikulu" tunajua lina asili katika lugha za bara, ambako lilikuwa makao ya mtemi. Maneno hayo mawili yana tarehe au asili katika vichwa vya watu, ndiyo maana hayampotezi mtafiti. Kilichowezekana kwa maneno hayo kwa bahati, chaweza kufanyika kwa mengine kwa makusudi.

Mapendekezo

Napendekeza mambo manne, nayo si ya gharama kubwa.

Kwanza, kila istilahi ya siasa na utawala itakayochapishwa iambatane na mwaka, na hati ya mapema kabisa ambamo imeonekana kwa maana hiyo. Kama mwaka haujathibitika, iachwe nafasi wazi. Nafasi wazi humwalika mtu kuijaza. Tarehe ya kubuni humfungia mlango.

Pili, chini ya kila istilahi yaandikwe maneno "tazama pia", yakifuatiwa na majina ya zamani na ya nchi jirani. Chini ya "sera" isomwe: tazama pia siasa, hasa katika miaka ya 1960 na 1970. Chini ya "ugatuaji": tazama pia madaraka mikoani, Kenya, ugatuzi na majimbo. Chini ya "serikali za mitaa": angalia, si sawa na serikali ya mtaa.

Tatu, wakutubi wa vyuo, Bodi ya Huduma za Maktaba na watunga istilahi wakae pamoja na kutengeneza orodha ya vichwa vya mada kwa Kiswahili. Isiwe kubwa. Maneno hamsini ya siasa, yakifanywa vizuri na kuingizwa katika kompyuta za maktaba, yatawafaa wasomaji kuliko maneno elfu tano yaliyofungiwa katika kitabu.

Nne, walimu wa vyuo wawape wanafunzi kazi ya kusoma viambatisho vya tasnifu na kukusanya maneno yaliyotumika katika madodoso, pamoja na mahali na mwaka wa kuulizwa. Mwanafunzi atajifunza utafiti, na lugha itapata maneno yaliyokwisha kupimwa.

Wakati tukisubiri hayo, msomaji anayekwenda maktabani kesho asubuhi ashike kanuni moja. Kabla ya kutafuta neno, atafute mwaka. Achukue kwanza gazeti moja la Kiswahili la mwaka anaouchunguza na kitabu kimoja cha Majadiliano ya Bunge la mwaka huo, asome kurasa ishirini bila kutafuta lolote, na kuandika kando maneno ambayo watu wa wakati ule walitumia kwa jambo lake. Kisha ndipo aende kwenye katalogi, akiwa na maneno yao mkononi.

Hitimisho

Yule mtumishi wa Mbagala alirudi Mlimani Jumamosi mbili zaidi, safari hii akitafuta "siasa". Sura ya pili ilibidi iandikwe upya yote, na ya tatu ikabadilika, kwa maana alikuta kwamba jambo alilodhani halikuandikwa liliandikwa kwa wingi, likajadiliwa, na likapingwa na watu waliokuwa na hoja. Aliniambia kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiamini kizazi cha wazazi wake kilitawaliwa bila kuelezwa kinachofanyika. Sasa alikuwa amesoma maelezo yenyewe, na aliweza kuyapinga kwa haki.

Hilo ndilo lililomo hatarini. Taifa linalobadilisha maneno yake ya siasa bila kuweka kumbukumbu ya mabadiliko hayo hujikuta baada ya miaka hamsini limekuwa geni kwa nyaraka zake lenyewe, ingawa zimeandikwa kwa lugha ileile na ziko wazi juu ya rafu. Tuendelee kusanifu. Lakini kila tunapoliweka neno jipya mlangoni, tuandike juu yake siku lilipoingia, na jina la lile lililokuwa likiishi humo kabla yake.